Kizibao cha Kununua: Mbwa wa Nyumbani Anapopitishwa kama Mbwa Msaidizi

Jumamosi moja nilikuwa dukani na dada mmoja asiyeona. Mkono wake wa kushoto ulishika mpini wa mkanda wa mbwa wake, Labrador mweusi, nao walipita baina ya rafu za mboga kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Mbele yetu likaja toroli. Ndani yake, mahali watu wanapoweka nyanya na mikate, kilikaa kijibwa cheupe kilichovaa kizibao chekundu chenye maandishi ya kumtambulisha mbwa msaidizi. Kijibwa kilibweka, kikaruka kutoka kwenye toroli, kikamng'ata Labrador sikioni.

Labrador hakujibu. Alirudi nyuma hatua moja, akajibana kwenye mguu wa mwenyewe. Watu wote pale waliona kilichotokea isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa akiuliza, "Nini? Kuna nini?" Alipiga magoti sakafuni, akampapasa mbwa wake kichwani, masikioni, shingoni, kisha akasugua vidole vyake ahisi kama vina unyevu wa damu. Vilikuwa nao. Mwenye kijibwa alikuwa akipekua mkoba. "Nina cheti," alisema. "Nina cheti chake hapa."

Kwa wiki kadhaa baadaye Labrador yule alisita njiani kila aliposikia kijibwa kikibweka, hata kama ni ng'ambo ya barabara. Ilibidi mkufunzi aje kumfanyisha mazoezi upya. Wapo mbwa ambao baada ya kushambuliwa hivyo hawarudi kazini tena, na mtu aliyezoea kutoka peke yake anarudi kungoja wa kumshika mkono.

Ninafanya kazi katika taasisi inayotetea haki za watu wenye ulemavu hapa Marekani, na kila wiki nazungumza na wenzetu wanaoongea Kiswahili: madereva wa teksi za kuitwa kwa simu, makeshia, wahudumu wa hoteli na migahawa. Wengi tumekulia mahali ambapo mbwa ni mlinzi wa boma. Analala nje, na akithubutu kuingia sebuleni anatolewa kwa fagio. Unafika huku, unapata kazi mgahawani, siku ya tatu mteja anaingia na mbwa. Meneja anakunong'oneza, "Huyo mwache, ni wa sheria." Siku ya nne anaingia mwingine, anapanda juu ya kiti, analamba sahani, na mwenyewe naye anasema ni wa sheria. Ndipo ninapoulizwa: nitamjuaje wa kweli?

Sheria inayohusika ni Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu, maarufu kwa kifupi chake ADA, iliyotiwa saini tarehe 26 Julai 1990. Chini ya kanuni zake zilizoanza kutumika tarehe 15 Machi 2011, mnyama msaidizi ni mbwa aliyefunzwa kufanya kazi maalumu kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu. Ni mbwa tu. Kuna kifungu cha pekee kuhusu farasi wadogo, lakini nyani, paka, kasuku na nyoka hawamo. Na neno zito hapo ni *kufunzwa*. Mbwa anayemwongoza asiyeona amefunzwa. Anayemgusa kiziwi mlango unapobishwa amefunzwa. Vivyo hivyo anayemtahadharisha mwenye kisukari sukari inaposhuka, anayemlinda mwenye kifafa anapoanguka, anayeokota funguo za mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, au anayemwamsha askari mstaafu kutoka kwenye jinamizi la vita. Mbwa anayekuliwaza kwa kuwapo kwake tu, hata kama faraja hiyo ni ya kweli na daktari wako anaijua, hayumo katika sheria hii. Katika nyumba ya kupanga mambo ni mengine, kwa kuwa sheria ya makazi ni tofauti na inampa mpangaji mwenye ulemavu nafasi ya kuomba akae na mnyama anayemhitaji. Ruhusa ya kukaa naye nyumbani haimfungulii mlango wa supamaketi.

Sasa lililo gumu kwa watu wengi. Serikali ya Marekani haitoi cheti cha mbwa msaidizi. Haina daftari la kuwasajili. Haimlazimishi avae kizibao wala beji. Mwenye ulemavu anaruhusiwa hata kumfunza mbwa wake mwenyewe bila kupitia chuo chochote. Kwa hiyo kile "cheti" kinachouzwa mtandaoni, chenye muhuri wa dhahabu na picha ya mbwa, ni karatasi ya mwenye duka aliyeiuza. Unajaza jina, unalipa kwa kadi, wiki ijayo bahasha iko mlangoni na kizibao ndani. Hakuna aliyemwona huyo mbwa.

Mfanyakazi wa dukani anaruhusiwa kuuliza maswali mawili pale ambapo kazi ya mbwa haionekani wazi. La kwanza: je, huyu ni mbwa msaidizi anayehitajika kwa sababu ya ulemavu? La pili: amefunzwa kufanya kazi gani? Basi. Haruhusiwi kuuliza mteja anaumwa nini, kudai karatasi, wala kuagiza mbwa aonyeshe anachojua. Na mtu asiyeona aliyeshika mpini hahitaji kuulizwa hata hayo mawili.

Watu huniambia sheria hii ni legelege, ndiyo maana inachezewa. Mimi naiona ni sheria yenye heshima. Fikiria uishi ukitoa kitambulisho cha ugonjwa wako kila unaponunua chumvi, kila unapopanda basi, kila unapoingia benki, mbele ya foleni ya watu. Waliotunga kanuni waliamua mwenye ulemavu asibebeshwe mzigo huo. Walimwamini. Anayenunua kizibao kwa ajili ya kijibwa chake anaila imani hiyo, na inapokwisha, anayeulizwa maswali makali mlangoni ni yule asiyeona anayefuata.

Na imani hiyo haikutolewa bure. Mafunzo ya mbwa wa kuongoza wasioona yalianza kwa mpango rasmi Ujerumani mwaka 1916, katika mji wa Oldenburg, kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1928 kijana Mmarekani asiyeona, Morris Frank wa Nashville, alisafiri hadi Uswisi kwa Dorothy Harrison Eustis, mwanamke aliyekuwa akifunza mbwa huko, akarudi na mbwa jike aliyemwita Buddy. Alipofika New York alivuka naye barabara yenye magari mengi mbele ya waandishi wa habari, kisha akampelekea Eustis telegramu ya neno moja la Kiingereza, maana yake "tumefaulu". Januari 1929 wakaanzisha The Seeing Eye, shule ambayo ingali ikifanya kazi New Jersey. Lakini kuvuka barabara kulikuwa rahisi kuliko kuvuka kizingiti cha hoteli. Frank alizunguka nchi nzima kwa miaka akifukuzwa migahawani na kwenye treni, akirudi tena, akieleza tena. Ilifika 1956 ndipo majimbo yote yakawa na sheria za kumruhusu asiyeona aingie na mbwa wake mahali pa umma. Karibu miaka 30 ya kubisha milango.

Na huyo mbwa mwenyewe anatengenezwa polepole. Akiwa na umri wa wiki saba au nane anakabidhiwa familia ya kujitolea inayomlea zaidi ya mwaka, inampeleka sokoni, kanisani, kwenye ngazi za umeme, ili dunia isimshtue. Kisha anarudi shuleni kwa miezi kadhaa ya mafunzo, na mwishowe anakaa wiki tatu nne akifunzwa pamoja na mtu atakayemtumikia. Wengi hawafuzu, mwoga, mkali au anayependa mno kukimbiza ndege hupewa kazi nyingine au hubaki kipenzi cha familia. Somo ninalolistahi kuliko yote ni la kukataa. Mtu anaamuru "mbele", mbwa anaona gari linakuja, anasimama kama gogo. Anafunzwa kutii, halafu anafunzwa lini asitii. Gharama ya kumfikisha hapo ni makumi ya maelfu ya dola, zinazolipwa zaidi na wafadhili. Pale The Seeing Eye asiyeona hutozwa dola 150 tu kwa mbwa wake wa kwanza.

Hadithi za safari za ndege zinajulikana zaidi. Januari 2018, katika uwanja wa ndege wa Newark, msafiri mmoja alikataliwa kupanda na tausi aliyesema ni mnyama wake wa kumliwaza. Watu walicheka. Mwezi huohuo shirika la Delta lilieleza kwamba linabeba takribani wanyama 700 wasaidizi na wa kuliwaza kila siku, na kwamba taarifa za matukio kama kung'ata, kukojoa na kujisaidia ndani ya ndege zimepanda kwa asilimia 84 tangu 2016. Mwaka uliotangulia abiria alikuwa ameng'atwa usoni na mbwa wa kuliwaza aliyepakatwa kwenye kiti jirani. Wizara ya Uchukuzi ikabadili kanuni, na tangu tarehe 11 Januari 2021 mashirika ya ndege hayalazimiki tena kumhesabu mnyama wa kuliwaza kama msaidizi, na yanaweza kudai fomu ya kuthibitisha afya, tabia na mafunzo ya mbwa. Fomu hiyo anaijaza pia asiyeona ambaye hajamdanganya mtu. Kwenye ndege, basi, ule mzigo wa karatasi umekwisha kumrudia.

Majimbo mengi nayo yameweka adhabu. Florida, kwa sheria ya 2015, anayejifanya ana mbwa msaidizi anaweza kufungwa hadi siku 60 na kutozwa faini hadi dola 500, na lazima afanye kazi za jamii saa 30. California ni kifungo cha hadi miezi sita au faini ya hadi dola 1,000, au vyote viwili. Texas ilipandisha faini hadi dola 1,000 mwaka 2023. Tatizo ni kuthibitisha. Polisi hawezi kudai cheti ambacho sheria haikitambui, hivyo kesi zinazofika mahakamani ni chache.

Ndiyo maana nawaambia makeshia na walinzi: waacheni mapolisi, tazameni tabia. Mbwa aliyefunzwa hujulikana kwa unavyomsahau. Analala chini ya meza mpaka wateja wa meza ya pili wanashangaa anapoinuka kuondoka. Hanusi nyama rafuni, hamrukii mtoto, habweki ovyo. Kwa kawaida anakuwa sakafuni akiwa amefungwa kamba, au amebebwa mikononi na mwenyewe ikiwa ni mdogo na kazi yake ni kunusa pumzi ya mwenye kisukari. Kwenye toroli si mahali pake. Na sheria imekupa meno hapa: mbwa akishindwa kudhibitiwa na mwenyewe asichukue hatua, au akijisaidia ndani, unaweza kuomba mbwa atolewe hata kama ni msaidizi wa kweli kabisa. Mtu mwenyewe umhudumie, umletee anachohitaji. Kama siku ile mfanyakazi mmoja angesema neno kijibwa kilipoanza kubweka kule mlangoni, sikio la Labrador lingepona. Nilipomuuliza keshia, alinijibu, "Niliogopa kushtakiwa."

Hofu hiyo inazaa kosa la upande wa pili, ambalo kwetu ndilo linaloumiza zaidi. Dereva aliyechafuliwa kiti na mbwa wa uongo wiki iliyopita anamwona asiyeona kando ya barabara na mbwa wake, anakanyaga mafuta. Samaki mmoja akioza, anasema moyoni, wote wameoza. Mwaka 2021 msuluhishi aliamuru kampuni moja kubwa ya usafiri wa kuitwa kwa simu imlipe mwanamke asiyeona jumla ya dola milioni 1.1, gharama za mawakili zikiwemo, kwa kuwa madereva walimkatalia au kumsumbua mara 14 kwa sababu ya mbwa wake. Baadhi ya safari hizo ziliishia kumwacha usiku mahali asipopajua.

Najua madereva wengi wetu ni Waislamu waliolelewa katika madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa kwao ni najisi ya kuoshwa mara saba. Silidharau hilo hata kidogo. Lakini sheria ya hapa haikubali dini, hofu wala mzio kuwa sababu ya kumwacha abiria, na haikubali umtoze nauli ya ziada kwa ajili ya mbwa. Madereva ninaowafahamu wamepata njia: shuka kuukuu au turubai dogo kwenye buti, linatandikwa sakafuni na kitini kabla abiria hajaingia, linakunjwa akishuka na kufuliwa nyumbani. Mbwa aliyefunzwa hukaa chini miguuni pa mwenyewe, kwa hiyo mara nyingi kiti hakiguswi kabisa.

Ukifika kumchukua abiria asiyeona, shuka au fungua dirisha utaje jina lako na jina lililo kwenye simu yako, maana yeye hawezi kusoma namba ya gari. Mwambie mlango uko upande gani wake, kulia au kushoto. Usimwite mbwa, usimpapase, usimshike mkanda, yuko kazini. Mwache mwenyewe amwelekeze, mpe nafasi waingie wote wawili, na uhakikishe mkia umeingia kabla hujafunga mlango.