Je, wajua kwa nini M-Pesa ilishindwa Afrika Kusini?

Mwambie mtu wa Mbagala kwamba kuna nchi Afrika ambako M-Pesa ilikufa, atakuuliza ni wapi huko. Ukimjibu ni Afrika Kusini, nyumbani kwa Vodacom wenyewe, atadhani unamtania. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Vodacom waliizindua huko mwishoni mwa Agosti 2010 wakishirikiana na benki ya Nedbank, wakatangaza kwamba wanataka wateja milioni 10 ndani ya miaka 3. Miaka 3 ikapita, wateja hawakuonekana. Mwaka 2014 wakaizindua upya, safari hii na benki nyingine na kadi ya Visa juu yake. Kufikia mwaka 2015 waliokuwa wakiitumia kweli walikuwa kama 76,000, idadi ambayo haijazi hata viti vya uwanja mkubwa wa mpira wa Johannesburg. Tarehe 30 Juni 2016 ikafungwa.

Sasa tazama jambo hili. Wakati Vodacom wanajiandaa kuingia, Benki ya Dunia ilikuwa na orodha yake maarufu ya Doing Business iliyopanga nchi kwa wepesi wa kufanya biashara. Katika toleo la 2010, Afrika Kusini ilikuwa ya 34 kati ya nchi 183. Kenya ilikuwa ya 95. Tanzania ilikuwa ya 131. Mwekezaji aliyeifuata orodha hiyo kama ramani angekwenda moja kwa moja mahali ambako biashara hii ilikufa, na angezikwepa nchi mbili ambako leo huwezi kununua hata nyanya gengeni bila mtu kukuuliza kama unalipa kwa simu.

Orodha haikusema uongo kuhusu hilo. Ilipima kitu kingine. Waliokuwa wakiiandaa walichukua kampuni ya kufikirika, inayomilikiwa na wazawa, iliyoko katika jiji kubwa kuliko yote la biashara nchini, kisha wakawauliza mawakili, wahasibu na maofisa: kusajili kampuni hiyo huchukua siku ngapi, kibali cha ujenzi je, kesi ya mkataba je, kodi hulipwa mara ngapi kwa mwaka. Kwa hiyo Tanzania hapo maana yake ilikuwa Dar es Salaam, wala si Songea, na mwekezaji mgeni hakuwa hata ndiye anayeulizwa habari zake. Usalama, rushwa, ukubwa wa soko na uimara wa sarafu havikuwamo, na Benki ya Dunia yenyewe iliyasema hayo wazi ndani ya ripoti. Wasomaji wengi tulikuwa tunaruka kurasa hizo na kwenda kutafuta namba ya nchi yetu. (Kama utakuja kuitafuta ripoti hiyo, jua kwamba Septemba 2021 ilifutwa kabisa, baada ya uchunguzi kugundua takwimu zilizochezewa katika matoleo ya 2018 na 2020, zikiwamo za China na Saudi Arabia.)

Turudi Kenya, maana huko ndiko majibu yaliko.

Mwaka 2006 utafiti wa FinAccess ulikuta kwamba Wakenya watu wazima wenye akaunti ya benki hawafiki mmoja kati ya watano. Wakati huohuo, karibu kila ukoo ulikuwa na mtu wake Nairobi au Mombasa ambaye nyumbani wanamtegemea. Pesa zilikuwa zinasafiri kila siku, ila zilisafiri kwa shida: ndani ya bahasha aliyopewa dereva wa basi, kwa posta yenye foleni, au mfukoni mwa jamaa anayekwenda msibani. Kila familia ilikuwa na kisa chake cha bahasha iliyoondoka nzito ikafika nyepesi.

M-Pesa haikubuniwa kwa ajili ya hilo. Jaribio la kwanza, mwaka 2005, liliwalenga wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu huko Nairobi na Thika, walipe marejesho yao kwa simu. Fedha za jaribio zilitoka kwa Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza yenye hisa Safaricom, na kwa idara ya misaada ya serikali ya Uingereza. Wateja ndio waliowafundisha wenye kampuni: badala ya kuishia kwenye marejesho, wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, walipozindua rasmi Machi 2007, habari za mikopo waliziweka kando, wakaja na ujumbe mmoja tu, kwamba tuma pesa nyumbani.

Mambo mengine matatu yaliwasaidia, na hakuna hata moja ambalo lingeonekana kwenye orodha. Safaricom ilikuwa na wateja wengi kiasi kwamba anayetuma na anayepokea wote kwa kawaida walikuwa na laini moja. Mkenya mtu mzima alikuwa na kitambulisho cha taifa, hivyo wakala alimsajili kwa dakika chache. Na Benki Kuu ya Kenya iliamua kuiacha huduma ianze huku ikiitazama kwa jicho kali, mradi pesa za wateja ziwekwe kwenye akaunti ya amana benki, zikitengwa na pesa za kampuni. Mabenki yakalalamika. Mwishoni mwa 2008 Wizara ya Fedha ikaagiza huduma ikaguliwe, ikakaguliwa, ikapita. Sheria yenyewe ya mifumo ya malipo ilikuja mwaka 2011, wakati mtoto ameshajifunza kutembea na kukimbia.

Mpaka huu hapa wa Namanga ulitosha kubadilisha hesabu. Vodacom Tanzania walianza Aprili 2008, jina lilelile na teknolojia ileile. Kenya ilipata wateja zaidi ya milioni 2 katika miezi 14 ya mwanzo. Tanzania kwa muda kama huo ilipata kama laki 2 na 80. Sababu? Nchi ni kubwa na watu wametawanyika, hivyo wakala wa Nairobi angeweza kuhudumia kwa siku watu ambao wa Tabora angewasubiri wiki nzima. Soko la simu lilikuwa limegawanyika kati ya Vodacom, Zain, Tigo na Zantel. Na vitambulisho vya NIDA vilikuwa bado havijaanza kutolewa, watu wakijisajili kwa kadi ya mpiga kura au barua ya serikali ya mtaa. Haja, hata hivyo, ilikuwepo. Mwanangu yuko shule ya bweni Iringa, mimi niko Temeke, karo inatakiwa. Vodacom walirekebisha namna ya kuwapata mawakala na kuwagawia floti, yaani salio la kufanyia miamala, na baada ya miaka michache mchezo ukabadilika.

Kaa nusu saa kando ya kibanda cha wakala yeyote uone kinachouzwa hapo. Mama anafika na noti zilizokunjwa ndani ya khanga, anataja namba kwa kichwa, wakala anaiandika kwenye daftari, anabonyeza, mama anasaini. Kisha haondoki. Anasimama hadi upande wa pili upige kusema imefika. Yule mama ananunua uhakika kwamba pesa imefika leo, na analipa kwa sababu njia aliyokuwa nayo kabla ya hapo ilikuwa mbaya.

Afrika Kusini njia iliyokuwepo haikuwa mbaya. Kufikia 2010, zaidi ya watu 6 kati ya 10 wazima walikuwa na akaunti ya benki. Tangu 2004 mabenki makubwa yalikuwa yameshaanzisha akaunti ya bei nafuu iliyoitwa Mzansi kwa watu wa kipato kidogo. Benki ya FNB mwaka 2009 ilianza eWallet: unatuma pesa kwenye namba ya simu, mwenzako anakwenda kuitoa kwenye ATM bila kadi wala akaunti. Zaidi ya hapo, kulikuwa na supamaketi. Mfanyakazi wa mgodini aliweza kwenda kwenye kaunta ya Shoprite, akakabidhi pesa taslimu, na mkewe kule Eastern Cape akazichukua kwenye Shoprite ya mji wao siku aliyokwenda kununua unga. Sasa mwambie huyo mama atafute wakala wa M-Pesa, na mawakala wenyewe ni wachache. Wa nini?

Sheria nayo ilikuwa tofauti. Afrika Kusini kupokea amana za watu ni kazi ya benki, basi. Ndiyo maana Vodacom walihitaji Nedbank, na ndiyo maana huduma ilikuja na taratibu za kibenki, katika soko ambalo Vodacom walikuwa nusu tu ya wateja na washindani wao, kampuni ya simu ya MTN, wakiwa pembeni yao.

Hapa ndipo kosa lilipo, na kwa maoni yangu ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote katika kupima soko la ugenini. Watu wasio na akaunti Afrika Kusini walikuwepo, tena mamilioni. Mchambuzi anayekaa ofisini anahesabu wasio na kitu fulani na kuwaita wateja watarajiwa. Lakini asiye na akaunti si lazima awe na shida ya akaunti. Kabla hujauliza ni wangapi hawana, uliza leo asubuhi walifanyaje. Wakikuonyesha njia wanayoiona rahisi, hata kama wewe unaiona ya kizamani, mshindani wako umeshamkuta kazini.

Haja ikishathibitika, ndipo serikali inapoingia kwenye hesabu, na hapa Watanzania hatuhitaji mfano wa mbali. Julai 2021 ilikuja tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi. Watu wakarudia noti mkononi, mawakala wakalia, na Septemba mwaka huohuo serikali ikaipunguza kwa asilimia 30, ikaendelea kuirekebisha baadaye. Ukiniuliza mimi, kiwango cha tozo hakikuwa tatizo kubwa kama kasi yake. Biashara inaweza kuishi na kodi kubwa inayojulikana. Ile ambayo bajeti ya Juni inaweza kuileta Julai ndiyo inayomkosesha mwekezaji usingizi, kwa hiyo mwenye busara husoma bajeti tano za nyuma za nchi anayoiendea, si hotuba ya uwekezaji ya mwaka huu.

Halafu kuna sarafu. Mei 2021 kundi la makampuni likiongozwa na Safaricom lilipata leseni ya simu Ethiopia kwa dola milioni 850. MTN waliokuwa wakishindana nao walitoa milioni 600, wakakataliwa. Kivutio kilikuwa dhahiri: watu zaidi ya milioni 100 na kampuni moja tu ya simu, ya serikali. Mashaka nayo yalikuwa dhahiri. Vita ya Tigray ilikuwa imeanza Novemba 2020. Leseni haikuwa na ruhusa ya pesa kwa simu, na mwezi huohuo wa Mei 2021 kampuni ya serikali ikazindua huduma yake ya pesa kwa simu, Telebirr. M-Pesa ilikuja kuanza huko Agosti 2023, baada ya kulipiwa dola milioni 150 nyingine, Telebirr ikiwa imekwisha tangulia kwa zaidi ya miaka miwili.

Tarehe 29 Julai 2024 Ethiopia ikaiachia sarafu yake, birr, ijipangie bei sokoni. Ilikuwa kama 57 kwa dola; baada ya wiki chache ilikuwa imevuka 100. Kampuni inayokusanya mapato kwa birr na kununua mitambo kwa dola inajua maana ya hilo. Safaricom walipotangaza matokeo ya nusu mwaka hadi Septemba 2024, faida ilikuwa imeshuka na birr ilitajwa.

Lakini je, ilikuwa siri? Mitaani Addis Ababa dola ilikuwa ikiuzwa karibu mara mbili ya bei ya benki kwa muda mrefu kabla ya hapo. Bei ya mtaani ndiyo kipimo cha mazingira ya biashara ninachokiamini kuliko vingi, na hakihitaji mshauri wa kulipwa. Ukifika mji mgeni, nenda benki ukaulize dola ni kiasi gani, kisha muulize dereva wa teksi. Tofauti ikiwa ndogo, endelea na maswali mengine. Ikiwa kubwa, jua kwamba faida utakayoiandika kwenye vitabu na faida utakayoibeba kurudi nayo nyumbani ni vitu viwili. Ukiwa hapohapo nunua laini, jaribu kutuma pesa, uone wanakuuliza kitambulisho gani na inachukua muda gani. Muulize na mwenye duka mara ya mwisho maofisa walikuja lini, na waliondoka na nini. Hayo atakwambia taratibu, baada ya kununua soda.

Safaricom hawakuondoka Ethiopia, na huenda hesabu ya miaka 20 ikawapa haki. Soko la watu wengi namna hiyo halipatikani kila mwaka. Afrika Kusini nako hadithi haikuishia 2016. MTN, ambao nao walifunga huduma yao ya pesa kwa simu mwaka ule, waliirudisha Januari 2020. Vodacom walirudi mwaka 2021 wakiwa na programu ya VodaPay: unanunua, unalipa, unakopa, yote humo humo kwenye simu janja. Jina la M-Pesa hawakulitumia.