Acheni kuuliza habari za kamba wa baharini, tazameni shingo

Fomu za kuomba CT scan huniijia mara kwa mara zikiwa na maneno haya kwa wino mwekundu: "Mgonjwa ana mzio wa madini joto." Nikimwita mwenyewe nimuulize ilikuwaje, naambiwa ni kamba. Au ni kaa. Au ni pweza wa siku ya Idi, midomo ikavimba na mwili ukajaa vipele. Mwingine ananieleza kuwa alipakwa ile dawa ya kahawia ya kusafishia kidonda, yenye madini joto, ngozi ikababuka. Kwa ajili hiyo amepangiwa kipimo bila kontrasti, ile dawa yenye madini joto inayochomwa mshipani ili picha ionekane vizuri, na kipimo bila kontrasti mara nyingi hakijibu swali lililomleta hospitali. Damu iliyoganda ndani ya mishipa ya mapafu haitaonekana. Uvimbe wa ini unaweza kujificha kabisa.

Mimi ni daktari wa radiolojia, na msimamo wangu niuseme mapema: mzio wa madini joto haupo. Mwili wa mtu mzima una takribani miligramu 15 hadi 20 za madini joto, yaani ayodini, na sehemu kubwa imo kwenye tezi ya shingo. Homoni za tezi hiyo, T3 na T4, zinabeba atomu tatu na nne za ayodini kila moja, nazo zinazunguka kwenye damu yako unaposoma hapa. Mtu ambaye mwili wake ungeipiga vita ayodini asingefika utu uzima.

Kinachomvimbisha mla kamba ni protini iitwayo tropomaiosini, iliyomo kwenye misuli ya kamba, kaa na hata pweza. Kwa samaki wenye mapezi, mkosaji mkuu ni protini nyingine, parvalbumini. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyomo kwenye chupa ya kontrasti. Imani kwamba mzio wa vyakula vya baharini ni mzio wa madini joto ilipata nguvu miaka ya 1970, wakati wagonjwa waliodhurika na kontrasti walipoulizwa vyakula vinavyowasumbua, na baadhi yao wakataja vya baharini. Waliotaja mayai, maziwa na chokoleti nao walikuwepo kwa kiwango kinachokaribiana, lakini hakuna aliyeanza kuwakataza wenye mzio wa mayai wasipigwe picha. Mwenye mzio wa chakula chochote ana hatari iliyopanda kidogo tu kuliko mtu wa kawaida. Kamba hawana cheo maalumu hapo.

Sasa tuiangalie chupa yenyewe. Atomu ya ayodini ina elektroni 53, kwa hiyo inazuia eksirei vizuri kuliko nyama, maji na damu, na ndiyo maana mshipa wenye kontrasti unang'aa mweupe kwenye picha. Mwaka 1923, pale Mayo Clinic nchini Marekani, Earl Osborne na wenzake waligundua kwamba wagonjwa wa kaswende waliokuwa wakitibiwa kwa sodiamu ayodidi, chumvi ya ayodini, walionekana kibofu kwenye eksirei. Hiyo ilikuwa ayodidi huru, nayo kwa dozi kubwa ni sumu. Kazi iliyofuata kwa miaka mingi ilikuwa kuifunga ayodini mahali isipoweza kutoka. Leo atomu tatu zimeshikiliwa kwenye pete moja ya benzini, na pembeni mwa pete hiyo vimepachikwa viungo vinavyoifanya iyeyuke kwenye maji bila kuingia ndani ya seli. Chumvi ya mezani ina klorini, gesi iliyoua askari kule Ypres mwaka 1915, na bado tunaitia kwenye mchuzi kila siku, kwa sababu klorini iliyofungwa si klorini ya gesi. Ayodini nayo ni hivyo: tabia yake inategemea imefungwa na nini.

Hesabu yake inashangaza. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za madini joto kwa siku. Mjamzito, kwa mapendekezo ya WHO, 250. Mililita 100 za kontrasti yenye nguvu ya 350, yaani miligramu 350 za ayodini kwa kila mililita, zina gramu 35 za ayodini. Ukiigawa kwa mahitaji ya siku, hiyo ni posho ya zaidi ya miaka 600, imeingia mkononi kwa chini ya dakika moja. Na karibu yote inapita kwenye figo na kutoka kwenye mkojo ndani ya saa 24, ikiwa bado imefungwa vilevile.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Japani. Mwaka 1990 Katayama na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa zaidi ya 330,000 waliochomwa kontrasti. Wengine walipewa dawa za zamani zenye chaji za ioni, nzito mno kuliko damu kwa wingi wa chembe zilizoyeyuka; wengine walipewa dawa mpya zisizo na ioni, zilizotokana na wazo la Torsten Almén wa Uswidi mwishoni mwa miaka ya 1960. Waliopata madhara ya aina yoyote walikuwa asilimia 12.66 kwa dawa za zamani, na asilimia 3.13 kwa dawa mpya. Madhara makali yalishuka kutoka asilimia 0.22 hadi 0.04. Ayodini ilikuwemo kwenye makundi yote mawili! Kilichobadilika ni umbo la molekuli iliyoibeba.

Hii haimaanishi kwamba kontrasti haimdhuru mtu. Wapo wanaopata vipele, wapo wanaobanwa kifua, na wachache sana presha inashuka ghafla. Ndiyo sababu adrenalini haiondoki chumbani kwetu. Lakini mwili wa mtu huyo umeikataa molekuli fulani, na mara nyingi ukimpa kontrasti nyingine, yenye ayodini ileile, anaipokea salama. Ukimwandikia "mzio wa madini joto" umemfungia zote. Joto linalotambaa kutoka shingoni hadi nyonga, ladha ya chuma mdomoni na hisia kwamba umejikojolea, hayo si mzio. Yanapita ndani ya dakika moja au mbili, na mama akiambiwa kabla hashtuki.

Jambo linalostahili wino mwekundu liko kwenye tezi. Kila chupa ina kiasi kidogo cha ayodidi huru, na baada ya sindano mwili unafungua kidogo zaidi. Ukilinganisha na gramu 35 ni chembe tu, ila kwa tezi iliyozoea maikrogramu 150 kwa siku, maelfu ya maikrogramu kwa mkupuo ni mafuriko. Jan Wolff na Israel Chaikoff walionyesha mwaka 1948 kwamba tezi yenye afya ikifurikiwa hivyo inasimamisha utengenezaji wa homoni kwa siku kadhaa, halafu inarudi kazini. Tezi ya mtoto mchanga inaweza kuchelewa kurudi, na ndiyo sababu tangu 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inashauri watoto hadi miaka mitatu wafuatiliwe tezi ndani ya wiki tatu baada ya kontrasti.

Tezi yenye rovu (uvimbe wa tezi ya shingo) la miaka mingi ina hatari ya kinyume chake. Ndani ya rovu hilo kuna vinundu vilivyojifunza kufanya kazi bila kusikiliza amri ya ubongo, vikizuiwa tu na uhaba wa madini joto. Ukivipa wingi, vinamwaga homoni. Watu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, wanalijua hili kwa uchungu. Huko, kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kilikuwa na rovu nyingi kiasi kwamba François Delange na Wabelgiji wenzake walikifanyia utafiti tangu miaka ya 1960. Chumvi yenye madini joto ilipoenea Kivu miaka ya 1990, wagonjwa wenye homoni za tezi kupita kiasi waliongezeka, na taarifa yao ikachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1996. Chumvi ile iliokoa akili za watoto wengi sana na sitathubutu kuisema vibaya. Ninachosema ni kwamba rovu kuukuu halisahau njaa yake, na kontrasti inaweza kuliamsha vilevile.

Upo mfano mmoja ambapo dawa ya picha na lishe vilikuwa kitu kimoja. Lipiodol ni mafuta ya mbegu za mpopi yaliyotiwa ayodini, yaliyotengenezwa Paris na Marcel Guerbet mwaka 1901. Madaktari Wafaransa Sicard na Forestier waliyatumia kupigia picha ya uti wa mgongo kuanzia 1921. Miongo kadhaa baadaye mafuta ya aina hiyohiyo yalichomwa kwenye misuli ya watu wenye rovu, kwa sababu yanaachia ayodini polepole kwa miaka. Tanzania nayo iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zenye rovu kuanzia miaka ya 1980, kabla chumvi haijafika kila duka. Leo bado yanatumika kwenye kipimo cha mirija ya uzazi. Utafiti wa Uholanzi wa 2017 ulikuta waliopimwa kwa mafuta walishika mimba zaidi ya waliopimwa kwa kontrasti ya maji, asilimia 39.7 dhidi ya 29.1. Ila mafuta hayatoki kwa siku moja. Dada aliyepimwa hivyo na kupata ujauzito amwambie mkunga, ili tezi yake na ya mtoto zipimwe.

Wanaonyonyesha huniuliza kama wakamue na kumwaga. Hapana, nyonyesha, kinachofika tumboni mwa mtoto na kufyonzwa ni kidogo mno. Na chumvi ya nyumbani usiiache, si kabla ya kipimo wala baada. Anayesubiri matibabu ya ayodini yenye mionzi ndiye pekee ninayemzuia kontrasti kwa nguvu, kwa kuwa tezi iliyoshiba haitaipokea dawa hiyo; akishachomwa kontrasti, kwa kawaida husubiri wiki nne hadi nane.

Kwa wenzangu wanaojaza fomu: kama mgonjwa aliwahi kudhurika na kontrasti, andikeni alipata nini, dakika ngapi baada ya sindano, na dawa iliitwaje, Omnipaque, Visipaque au nyingine. Andikeni hali ya figo na kama anameza metformini, dawa ya kisukari. Halafu mwambieni mzee afungue kola. Akiwa na rovu na kipimo si cha dharura, pimeni kwanza TSH, homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi. Na akirudi wiki kadhaa baadaye moyo unamwenda mbio, amekonda na vidole vinatetemeka, msikimbilie kumtibu presha kabla hamjauliza alichomwa kontrasti lini.