"Ni mawazo tu": ugonjwa wa mwili unapodhaniwa kuwa wa akili

Mtu anaumwa, anapimwa, hakionekani kitu, anaambiwa apumzike na apunguze mawazo. Baadaye inagundulika alikuwa na ugonjwa wa mwili ambao hakuna aliyeutafuta. Kosa hilo la utambuzi ndilo tunalolizungumzia hapa. Msongo wa mawazo ni jambo la kweli na huuma kweli. Tatizo ni pale unapotajwa kwa sababu tu majibu ya maabara yametoka safi.

Kwenye zahanati nyingi za Arusha, "vipimo viko sawa" maana yake ni malaria, mkojo, wingi wa damu, na pengine taifodi. Kipimo cha malaria kikisema hakuna, kimezungumzia malaria peke yake. Hakijagusa tezi ya shingo, wala brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo.

Brusela ndiyo hasa hudanganya. Mfikirie mama mfugaji wa upande wa Monduli. Homa inampanda jioni, usiku anatoka jasho mpaka shuka linaloa, asubuhi joto limeshuka. Kiuno kinamuuma, viungo vinamuuma, hana hamu ya kula, kila kitu kinamkera. Anapanda gari asubuhi, anafika kwa daktari, kipimajoto kinasoma kawaida. Akiulizwa nyumbani kukoje, atataja ada ya shule na mume aliyepeleka ng'ombe malisho ya mbali (nani hana lake?), na hapo daktari mwenye foleni ndefu mlangoni ameshapata jibu: "Mama, hayo ni mawazo."

Wafugaji wanaujua ugonjwa huu kwa mifugo, kama ugonjwa wa kutupa mimba. Binadamu huupata kwa maziwa mabichi au kwa kumzalisha mnyama mikono mitupu. Dalili zinaweza kuchelewa wiki kadhaa, wakati maziwa yale yameshasahaulika. Na huzuni yenyewe ni mojawapo ya dalili zake, kwa hiyo daktari anayeona mgonjwa mwenye huzuni hajakosea alichokiona, amekosea chanzo.

Yaliwahi kumpata hata mtaalamu wa ugonjwa wenyewe. Alice Evans, mwanasayansi wa Marekani aliyepigania maziwa yachemshwe kabla ya kuuzwa, aliambukizwa brusela mwaka 1922 katika kazi yake ya maabara. Alisumbuka miaka mingi, na madaktari wakamwambia ana "udhaifu wa neva", jina la heshima la enzi hizo kwa mgonjwa wasiyemwelewa.

Huku kwetu kuna kikwazo cha ziada: malaria huchukua nafasi yote. Katika utafiti wa mwaka 2007 hadi 2008 kwenye hospitali mbili za Moshi, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walifuatiliwa. Madaktari walidhani 528 wana malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Brusela ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyokutwa.

Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi nayo huigiza wasiwasi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kukata. Dokezo ni mtu kukonda huku anakula vizuri.

Ukiambiwa ni mawazo na moyo wako unakataa, mweleze daktari mambo ambayo hakuuliza: mifugo, maziwa, saa ambayo homa hupanda. Jipime joto jioni, uandike. Kisha muulize kwa adabu, "Daktari, vipimo hivi vimeondoa magonjwa gani?" Usikimbilie duka la dawa kupima brusela kwa kipimo cha haraka na kuishia hapo, maana nacho huweza kusema ipo wakati haipo, omba cha kuthibitisha. Ikithibitika, dawa ni antibiotiki zaidi ya moja kwa pamoja, kwa kawaida wiki 6. Anayeziacha katikati kwa kuwa homa imekata anaweza kurudiwa, kwa sababu bakteria hawa hujificha ndani ya seli.