Kwa nini kisa unachokijua tayari bado kinaweza kukuchekesha?

Chukua kisa cha kima na papa. Papa anambeba kima mgongoni, na kufika katikati ya bahari anamfungulia siri: sultani wa kwao anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anasema mioyo yao huiacha mtini wakitoka safari. Papa anageuza, kima anapanda mkuyu wake, hashuki tena.

Masimulizi haya ya Unguja yalichapwa London mwaka 1870, katika mkusanyiko wa mmisionari Mwingereza Edward Steere. Lakini kisa kilikuwa kimeshatembea sana. Katika Panchatantra, kitabu cha kale cha hadithi za India, mbebaji ni mamba, na anayeutaka moyo ni mkewe, kwa wivu. Katika Kalila wa Dimna, kitabu cha hadithi alichokitafsiri Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu karne ya 8, mbebaji ni kasa. Mnyama amebadilika, anayeutaka moyo pia. Uongo wa moyo uliobaki nyumbani haujaguswa, kwa kuwa ndio unaobeba kisa kizima.

Wasimulizi waliufanyia uongo huo jambo la ustadi zaidi. Akiwa juu ya mti, kima anamsimulia papa habari ya punda wa dobi, aliyedanganywa na sungura mara mbili aende kwa simba. Mara ya pili akauawa. Sungura akala moyo na masikio kwa siri, na simba alipouliza, akajibiwa kuwa punda yule hakuwa navyo: angekuwa navyo, angerudi? Ni moyo uleule usiokuwapo, ila sasa aliyeukosa amekwisha kufa. Msikilizaji anacheka kwa sababu anaukumbuka uongo wa kwanza, ule wa kima.

Anayeandika upya hadithi za kale leo afuate njia hiyo. Tafuta kwanza tukio ambalo likitolewa kisa kinakufa, hilo usiliguse. Kisha badili kitu kimoja tu, na uanzie karibu na tukio hilo, si "hapo zamani za kale". Tuseme tunamfuata papa anaporudi mikono mitupu, na sultani anamuuliza:

"Moyo uko wapi?"
"Mtini, bwana. Kauacha."
"Na wangu?"
Papa akatazama huku na huku. "Bwana uliuweka wapi?"

Papa bado anaamini, na hapo ndipo kicheko kilipo. Mwandishi akiongeza sentensi kueleza kwamba papa ni mjinga, kicheko kinakatika. Vivyo hivyo kumpa kima simu ya mkononi: kama simu haibadilishi uamuzi wowote, ni pambo tu, ifute. Na msomaji asiyekijua kisa apewe sentensi mbili za msingi ndani ya mazungumzo, vinginevyo hatajua kilichopinduliwa.

Kwenye mkusanyiko wa hadithi zilizoandikwa upya, kosa kubwa ni kurudia mbinu moja. Fisi akiwa mwema katika hadithi ya kwanza na zimwi likaonewa katika ya pili, msomaji ataitabiri ya tatu kabla hajaifungua. Hiyo ya tatu waache wote na tabia zao za siku zote, ubadilishe anayesimulia.