Hakuna mandala ya presha

"Dada, naomba unitumie mandala ya presha."

Mandala ni mchoro wa duara uliojaa pete na petali, nami huwachoresha watu katika kazi yangu ya tiba kwa njia ya sanaa. Ujumbe huu nimeletewa tena wiki hii, na mama mmoja wa Kiboriloni, mtu mwema kabisa. Kabla yake waliniomba ya usingizi na ya hasira, na kijana mmoja wa Majengo aliomba ya kuachwa. Zile faili zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ndizo zilizotufikisha hapa: duara lenye petali nane eti linashusha wasiwasi, lenye kumi na mbili linaleta usingizi. Nani aliyezihesabu hizo petali na kuzipa kazi? Mama, presha inapimwa zahanati na dawa yake inamezwa. Ukishapimwa njoo tuchore, karibu sana.

Nawajibu hivyo wote, nao wanarudi na swali lilelile. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Kabla hujauliza lile lingine: hapana, mandala si alama ya Freemason. Mandala imetoka kwenye dini za Kihindu na Kibuddha, hilo sikufichi, na kama imani yako haikuruhusu, chora ua. Bikari ninayotumia ni ileile ya kwenye mkebe wako wa hesabu. Tuendelee.

Kinachoniudhi hasa ni kuchanganya kazi tatu tofauti na kuziita kitu kimoja. Watawa wa Tibet wanaotengeneza mandala ya mchanga hawachori wanavyojisikia. Wanapiga kwanza mistari ya mhimili kwa kamba yenye chaki, halafu wanamwaga mchanga wa rangi kwa chak-pur, mrija mwembamba wa chuma wenye mikwaruzo ubavuni. Ukiusugua mrija huo kwa kijiti cha chuma unatetemeka, na mchanga unashuka kidogo kidogo. Kila umbo lina mahali pake palipopangwa tangu zamani, na mtawa amejifunza kwa moyo. Mandala ya Kalachakra ina miungu 722, na hakuna hata mmoja anayehamishwa kwa sababu mtawa ameamka vibaya. Baada ya siku au wiki za kuinama wanaifagia yote, na mchanga unamwagwa kwenye maji yanayotiririka. Ni ibada. Mtawa akituliza mawazo humo, sawa, lakini hakuja pale kutibiwa.

Sasa mchukue Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi. Kati ya 1918 na 1919 alikuwa msimamizi wa kambi ya wanajeshi wa Uingereza waliozuiliwa huko Château-d'Œx, na kila asubuhi alichora duara dogo kwenye daftari lake. Hakuwa na kanuni ya kufuata. Aliacha mkono uende, kisha akalitazama duara kama habari za nafsi yake kwa siku hiyo. Hapo ndipo sisi wa tiba kwa njia ya sanaa tulipoichukua. Unaona jinsi kazi hizi mbili zinavyopeana mgongo? Mtawa angebadilisha pete ya tatu kwa sababu ana huzuni, angekuwa ameharibu. Jung asingeibadilisha, angekuwa amejidanganya.

Ya tatu ni hiyo karatasi yako ya kuprinti pale stendi. Mchoro ni wa mtu mwingine, wewe unachagua rangi tu. Sisemi ni mbaya. Mikono inapata kazi, macho yanapata pa kutulia, na kwa mtu ambaye wasiwasi umempanda ghafla hiyo inaweza kutosha kwa jioni ile. Lakini hujaulizwa chochote na karatasi hiyo. Kuiita tiba ni kuipa cheo kisicho chake. (Akina mama wa Kihindu hapa mjini huchora rangoli mlangoni wakati wa Diwali, maua na maduara ya kupendeza mno, na sijamsikia hata mmoja akidai inatibu kitu. Wanapamba nyumba kwa ajili ya sikukuu, basi.)

Na utafiti? Upo, ila hausemi wanachosema wenye faili. Mwaka 2005 Nancy Curry na Tim Kasser wa Marekani walichukua wanafunzi 84 wa chuo, wakawatia wasiwasi kidogo kwa makusudi, kisha wakawagawa: wengine wapake rangi mandala, wengine mchoro wa mirabamiraba, wengine wapewe karatasi tupu. Mandala ilishusha wasiwasi kuliko karatasi tupu. Lakini mirabamiraba nayo ilishusha, vilevile! Yaani ungewapa mchoro wa shuka la Kimasai wangetulia sawasawa. Mwaka 2012 watafiti wengine walirudia jaribio hilo wakaona mandala inaizidi mirabamiraba. Nimezisoma zote mbili na siwezi kukuapia kwamba duara lina nguvu ya peke yake. Halafu mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake, Philadelphia, waliwapa watu wazima 39 udongo, kalamu za rangi na karatasi za kukata na kubandika, wakawaacha dakika 45. Kortiso, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo, ilishuka kwa takribani robo tatu yao, waliozoea sanaa na wasioizoea. Duara halikuwa sharti. Na ile robo iliyobaki haikushuka, jambo ambalo kwenye WhatsApp huwa halifiki.

Tuje kwenye rangi, maana hapa ndipo ninapokaribia kufunga daftari. "Nimepaka nyeusi katikati, ina maana gani?" Juzi nilimuuliza aliyeuliza hivyo kwa nini aliichagua. Akasema nyekundu ilikuwa imevunjika ncha. Haya, tutafsiri nini hapo, mauti au kichongeo? Najua wapo waliojenga mfumo mzima wa kusoma maumbo na rangi. Joan Kellogg, Mmarekani, alitengeneza hata kadi zake, na wenzangu ninaowaheshimu wanazitumia. Mimi zinanikwama. Nyeupe kwetu ni ya bibi harusi na ni ya sanda. Kijani kwa jirani yangu ni msikiti, kwa mwingine ni chama. Nikikwambia rangi yako ina maana gani kabla hujasema neno, nimepiga ramli.

Ninachotazama ni mkono. Nani anaanzia ukingoni na anaogopa kiini? Nani anafuta? Nina mteja mhasibu aliyefuta pete ya kwanza mpaka karatasi ikatoboka, kwa sababu petali moja ilizidi wenzake kwa upana wa uzi. Mtu wa namna hiyo namnyang'anya bikari na rula, namwambia azungushe sahani au mkono mtupu. Ulinganifu unaosifiwa kwenye vitabu kwake ni mzigo mwingine wa ofisini. Lakini aliyefiwa juzi, ambaye hajui aanzie wapi, namwekea mhimili na pete mbili tayari, maana karatasi tupu itamtisha. Vifaa ni vilevile, maelekezo yanapishana, na ndiyo maana siwezi kukutumia faili.

Na kuna ambao duara haliwatulizi hata kidogo. Wanafumba kinywa, jasho linawatoka, kumbukumbu inapanda. Hao nawasimamisha tunatoka nje, na kama usingizi umepotea kwa wiki kadhaa au mtu anazungumzia kujidhuru, anakwenda kwa daktari wa afya ya akili siku hiyohiyo.

Mbona basi naendelea na maduara? Kwa sababu ndogo ndogo. Duara halihitaji kufanana na ng'ombe wala na Kibo, kwa hiyo hakuna wa kuniambia "mimi sijui kuchora." Lina ukingo, kwa hiyo kazi ina mwisho. Kudarizi vitambaa vya meza kungeweza kufanya kazi hiyohiyo, na mama yangu angekwambia kunaifanya vizuri zaidi.

Tena mtu akija kwangu haji kuchora tu. Anazima simu, anakaa na wenzake watano, anakunywa chai, hakuna anayemwita kwa saa nzima. Daktari anayeniletea wagonjwa huniuliza ni kipi hasa kilichomsaidia fulani. Huwa namwandikia kwamba alikuja, alikaa, alichora, aliongea. Anataka nichague kimoja cha kuweka kwenye faili la mgonjwa, na mpaka leo sijachagua.