Kwilti ni nini, na kwa nini nguo kuukuu huifaa

Kwilti ni matabaka ya kitambaa yaliyoshikanishwa kwa mishono inayopenya kutoka juu hadi chini, eneo lote, si kwenye kingo peke yake. Kwa kawaida matabaka ni matatu. La juu ndilo linaloonekana, na mara nyingi limeungwa kwa viraka. La kati ni la kujazia na kuleta joto. La chini huitwa mgongo, nalo hufanya kazi ya bitana. Neno kwilti limetoka kwenye Kiingereza. Kiswahili kina mfarishi, lenye asili ya Kiarabu, kwa kitu cha jamii hiyo cha kutandika au kujifunika, ila siku hizi halisikiki sana.

Wengi hudhani viraka ndivyo vinavyoifanya kwilti. Sivyo. Shuka lililoungwa kwa vipande mia moja, kama halina tabaka jingine lililoshonewa chini yake, bado ni kitambaa cha viraka tu. Koti la baridi lenye mistari ya mshono inayoshikilia pamba ndani ni kazi ya kwilti hata kama halina kiraka kimoja. Mistari ile si pambo. Inaizuia pamba isikimbilie pembeni, halafu inagawanya mvutano: ukilivuta blanketi usiku, nguvu haitui kwenye kipande kimoja, inasambaa kwenye nyuzi mamia na kwenye mgongo mzima. Ndiyo maana shati ambalo halifai tena kuvaliwa linaweza kudumu miaka mingi likiwa ndani ya kwilti.

Wenye uzoefu mkubwa wa jambo hili ni watu waliokuwa na nguo kuukuu na hawakuwa na kitambaa kipya. Katika Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi kilichozungukwa pande tatu na mto Alabama, wanawake walishona kwa nguo za shamba. Mwaka 1942 Missouri Pettway alishona moja kwa nguo za kazi za mumewe aliyekuwa amefariki. Ukitazama kwa karibu kwilti za jinzi za aina hii, utaona miraba ya bluu iliyokolea katikati ya bluu iliyopauka: hapo palikuwa na mfuko, na jua halikupafikia. Mwaka 2002 kazi za kijiji hicho zilioneshwa katika jumba la sanaa la Whitney, New York, zikatundikwa ukutani kama picha.

Wengine ni Wasidi wa jimbo la Karnataka, India. Hawa ni wazao wa Waafrika, wakiwemo watu wa Afrika Mashariki, na wengi wa mababu zao walipelekwa Goa na Wareno wakiwa watumwa kuanzia karne ya 16. Kwilti yao huitwa kawandi, na hushonwa kwa mkono tu. Tutairudia, kwa sababu ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa asiye na cherehani.

Kuchagua nguo

Kwilti nyingi huharibika hapa, kabla sindano haijaguswa. Kanuni kubwa ni uzito: vitambaa vinavyokaa pamoja vilingane. Kitambaa kizito humchana jirani yake mwepesi. Shati la pamba likiunganishwa na jinzi litachanika kando ya mshono, kwa sababu jinzi haivutiki na shati ndilo linalolazimika kuachia. Mashati yakae na mashati, magauni na kanga. Jinzi ikae na jinzi, au na kodrai.

Mashati ya kiume ya pamba ndiyo bora, nayo kwenye mitumba hayakosekani. Ili kujua kama ni pamba kweli, chomoa uzi mmoja kwenye pindo uuchome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu. Mchanganyiko wa viwili hivyo unafaa, ila usiupigie pasi kali. Kisha inua nguo mbele ya dirisha. Penye mwanga mwingi kupita kwingine pamechakaa: makwapani, viwikoni, magotini, makalioni. Mwisho shika kitambaa kwa vidole gumba viwili uvute kwa nguvu, kwanza kwa urefu na kisha kwa upana. Kikitoa mlio wa kuchanika, kifanye tambara la jikoni.

Fua kila kitu kwa sabuni kabla ya kukata, hata kilichofuliwa. Nyekundu, nyeusi na kanga mpya loweka nusu saa pamoja na kitambaa cheupe. Kama cheupe kimebadilika rangi, rudia mpaka kisibadilike. Chumvi na siki watu huviamini kupita kiasi. Kwenye rangi nyingi za viwandani havizuii kitu.

Usifumue mishono. Kata kando yake, uokoe muda, kwa sababu kitambaa kilicho ndani ya mshono kimeshatobolewa na sindano. Mshono wa pembeni wa jinzi ni mnene mno na huvunja sindano, hivyo utupe au uufanye kamba. Vifungo, zipu, mifuko na vikofi vya mikono, yaani zile ncha za mikono ya shati zenye kifungo, weka kwenye kopo.

Fulana ni habari nyingine. Zinavutika, na ukikata kingo hujikunja. Kata kipande kikubwa kuliko unachotaka, tuseme sentimita 40, bandika nyuma yake kitambaa chepesi chenye gundi ya pasi, cha aina inayowekwa ndani ya kola, ndipo upunguze kiwe 35. Ukikata kwanza na kubandika baadaye, mraba wako utakuwa umeshageuka msambamba.

Hesabu ya viraka

Chukua kwilti ya sentimita 150 kwa 195. Kiraka kilichokwisha kushonwa kiwe cha sentimita 15, yaani 10 kwa upana na 13 kwa urefu: jumla 130. Kila upande uachiwe sentimita 1 ya mshono, hivyo unakata 17 kwa 17. Ukikata 15 ukasahau mshono, safu ya viraka 10 itakuja na sentimita 132 badala ya 150, na utagundua ukiwa umeshamaliza. Wenye vitambaa vipya huacha robo inchi; kwa nguo kuukuu hiyo ni kidogo, kwa kuwa kingo zake hufumuka haraka.

Mgongo wa shati kubwa hutoa viraka sita hadi tisa, sehemu mbili za mbele vinne hadi sita, na mikono miwili vinne. Ukiondoa palipochakaa, mashati 10 yanatosha. Kata kwa kufuata mtande, yaani uzi unaokwenda sambamba na urefu wa nguo. Kiraka kilichokatwa mshazari huvutika kama lastiki, na hicho ndicho chanzo cha kwilti zenye mawimbi zisizolala chini. Tumia kiolezo cha kadibodi ngumu na chaki ya fundi, na ukibadilishe kiolezo kingo zake zinapoanza kulika.

Shona viraka safu kwa safu kwa sindano ya cherehani namba 14 (namba 16 kwa jinzi). Mishono ya safu ya kwanza ilaze kwa pasi upande wa kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia. Safu zikikutana, vijimishono hivyo hujifunga vyenyewe kimoja kando ya kingine na kona hukaa sawa bila kubahatisha. Ukivilaza vyote upande mmoja, kila kona itakuwa na kivimbe, na sindano italalamika.

Kujazia ni suala la hali ya hewa. Mombasa au Tanga shuka kuukuu moja linatosha. Ukitia blanketi, kwilti itabaki kabatini. Njombe au Limuru blanketi lililochakaa ndilo lake, ila lifuliwe kwanza kwa sababu la sufu husinyaa. Pamba ya mito isiyoshikana usiitumie, maana baada ya mifuo michache itakuwa mabonge.

Sasa tandaza mgongo sakafuni, uso ukitazama chini, uwe mkubwa kuliko sehemu ya juu kwa sentimita 8 kila upande. Ubandike kwa plasta ya karatasi ukiwa umenyooka, lakini usiuvute, kwa kuwa ukiuvuta utajirudi ukishauachia na kukunjamana. Weka tabaka la kati, kisha la juu. Piga bandi, yaani mshono wa muda wa kushikiza tu, kwa uzi wa rangi tofauti, hatua za sentimita 6, mistari iachane sentimita 12 hivi, ukianzia katikati kwenda nje. Kazi hii inachosha magoti, na wavivu huiruka kwa kuweka pini tano. Ndio hao ambao mgongo wa kwilti yao una mikunjo iliyoshonewa humo humo.

Mshono wenyewe wa kwilti nao huanzia katikati. Ongeza urefu wa hatua ya cherehani ufike milimita 3 hadi 3.5, na mistari isiachane zaidi ya sentimita 10. Kwa jinzi nzito, acha cherehani: kila baada ya sentimita 10 penyeza uzi mnene chini na urudi juu, funga fundo mara mbili, acha mikia ya sentimita 2.

Kingo zifungwe kwa ukanda wa upana wa sentimita 6 uliokunjwa mara mbili. Mzunguko ni sentimita 690. Ongeza 40 za kona na maungio. Kanda nne za mita 2 kutoka kwenye shuka kuukuu zinatosha. Kwa kingo zilizonyooka, ukanda unaofuata mtande unafaa. Mshazari uuweke akiba kwa kona za mviringo.

Kawandi: kutoka ukingoni kwenda katikati

Hapa kila kitu kinageuka. Hakuna kuunga viraka kwanza, hakuna ukanda wa kingo, na si lazima kuwe na tabaka la kati. Tandaza mgongo, na Wasidi hutumia sari. Kanga iliyolainika itakufaa vilevile. Anza kwenye kona. Kunja ukingo wa mgongo kwa ndani sentimita 1, kunja na ukingo wa kiraka, vikutane, kisha shona mshono wa kawaida wa kuchomoa na kuchomeka, hatua za milimita 5 hivi, kwa uzi mnene wa pamba. Kiraka kinachofuata kikunje upande mmoja na kuulaza juu ya ukingo mbichi wa kile cha kwanza. Endelea kuzunguka kingo zote nne, halafu ingia mzunguko wa ndani, mstari baada ya mstari wa mshono, ukiacha upana wa kidole kimoja, mpaka ubaki uwazi katikati. Kiraka cha mwisho ndicho pekee kinachokunjwa pande zote nne.

Uzi ukivutwa sana, mgongo husinyaa na ziada yote husukumwa katikati na kuwa uvimbe. Kwa hiyo laza kazi mezani kila baada ya mzunguko, uipapase kutoka ukingoni kwenda ndani, wala usikate kiraka cha mwisho kabla hujapima tundu lililobaki. Subana, kile kikofia cha kukinga kidole, ni lazima. Kidole kitupu hakimalizi hata mzunguko mmoja. Kwenye kona nne Wasidi hupachika pembetatu za kitambaa kilichokunjwa, phula, maana yake ua. Bila maua hayo kawandi haijakamilika.

Mabaki na michezo yake

Vipande visivyofika sentimita 17 havitupwi. Kikofi cha mkono wa shati ni bangili tayari: kina kifungo, kina tundu lake, kimeshagandishwa ndani. Tai ya shingoni hukatwa mshazari, hivyo hujipinda vizuri ukiijaza mabaki ya vitambaa na kuifanya nyoka wa mtoto, ulimi wa utepe mwekundu. Kama mtoto hajafika miaka mitatu, macho yadarizi kwa uzi, usiweke vifungo, maana hung'oka na kumezwa.

Kibanio cha nywele kinataka ukanda wa sentimita 50 kwa 10 na lastiki ya 18. Kunja ukanda kwa urefu, uso ndani, shona, geuza, pitisha lastiki kwa pini, shona ncha zake zikiwa zimepandana sentimita 1.5, kisha ziba kitambaa. Jinzi haikubali hapa, kwa kuwa haijikusanyi. Kitambaa cha gauni ndicho chenyewe.

Kinachopendwa zaidi na watoto ni pochi ya dubwana, zipu ikiwa mdomo. Kata vipande viwili vya jinzi, sentimita 22 kwa 16, kutoka chini ya goti ambako kitambaa hakijachakaa. Zipu itoke kwenye gauni, ya nailoni, kwani ile ya suruali ni fupi na meno yake ya chuma huvunja sindano. Meno ya dubwana ni miraba sita myeupe ya sentimita 5 kila mmoja: ikunje kwa mshazari, ikunje tena, upate pembetatu ambayo kingo zake zote mbichi ziko upande mmoja. Upande huo uzame ndani ya mshono, kati ya jinzi na zipu, ncha zikielekea tumbo la pochi. Ukishashona na kugeuza jinzi, meno yataangukia juu ya zipu yenyewe. Piga mshono mwingine juu ya jinzi, milimita 3 kutoka ukingoni, meno yasisimame. Kabla ya kushona pande tatu zilizobaki, fungua zipu nusu. Ikiwa imefungwa, pochi haigeuziki, na dubwana litabaki limejimeza.