Kapu la Joto: Epua Maharage Yakiwa Bado Magumu

Maharage yakishachemka, mkaa unaoendelea kuongeza kwa saa mbili zinazofuata hauyazidishii joto. Maji ya kuchemka hayapiti nyuzi 100 hata ukipepea vipi; Mbeya, kwa kuwa ni juu, yanachemka kwenye 94 hivi. Mkaa wa ziada unafidia tu joto linalotoroka ubavuni mwa sufuria na kwenye mvuke. Ukilizuia lisitoroke, moto hauna kazi tena. Ndiyo maana kwa nyumba inayopika maharage au makande kila wiki nalipendelea kapu la joto, yaani tenga lililojazwa vitu vya kuzuia joto ambamo sufuria iliyoepuliwa inaendelea kuivisha chakula bila moto, kuliko jiko banifu, ingawa kwenye mikutano ya vikundi jiko ndilo linalosifiwa.

Tafuta tenga lililoipita sufuria upana kwa sentimita 20, ili kila upande ubaki na sentimita 10 za kujaza, na chini vivyo hivyo. Jaza sufi, au vipande vya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani, vikavu kabisa. Maranda ya mbao ni rahisi kupata lakini yananyonya mvuke, na yakilowa yanapitisha joto na kuota ukungu. Ndani weka mfuko wa kitambaa unaovuliwa na kufuliwa. Kosa kubwa huwa juu: watu wanashona mto mwembamba wa kufunikia, wakati joto linapanda. Uwe na unene uleule wa sentimita 10 na uukandamize usiache mwanya. Baada ya saa moja papasa kapu kwa nje. Penye vuguvugu ndipo panapovuja.

Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, injika kwa maji mapya. Yakianza kutokota hesabu dakika 20 mfuniko ukiwa juu. Usipunguze: maharage mekundu yana sumu inayovunjwa na mchemko wa kweli wa dakika 10 au zaidi, na joto la kapu peke yake haliiwezi. Kisha moja kwa moja kapuni, saa tatu hadi nne, bila kufunua. Kila ukichungulia unatoa mvuke ambao hakuna moto wa kuurudisha. Sufuria ijae angalau theluthi mbili, maana chakula kidogo kinapoa upesi. Wali unataka dakika tano za kuchemka na kama saa moja kapuni, maji yakiwa pungufu kwa robo kwa sababu hayakauki. Ugali usahau, unataka mwiko na moto.

Chakula kisilale humo. Kikishuka chini ya nyuzi 60 kinaanza kuharibika. Kitoe, kichemshe tena, ndipo upakue.

Kikundi kinasaidia wapi? Sufi ikinunuliwa kwa pamoja inashuka bei, na fundi mmoja wa kikoba anaweza kukata mifuko yote kwa kipimo kimoja. Ila faida kubwa kwangu ni mizani. Mkipata moja ya kuzungushana, kila nyumba ipime na kuandika mkaa wa wiki moja bila kapu na wiki moja na kapu, kwa chakula kilekile. Msipime kwa kopo: vipande vikubwa vya mkaa vinaacha nafasi, kwa hiyo makopo mawili yaliyojaa hayalingani uzito.

Mkitaka kushona makapu ya kuuza, muoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi kiwe kimesajiliwa na kina akaunti. Yale makaratasi mliyoandika vipimo vya mkaa yatasema zaidi kuliko andiko la mradi lililonakiliwa.

Kisha kuna jambo linalokula akiba yote: sufuria iko kapuni, na jiko linaendelea kuwaka tupu. Ukishaepua, tia mkaa kwenye debe la bati na ulifunike vizuri, utazimika kwa kukosa hewa na utauwasha kesho. Usilimwagie jiko maji, udongo wake wa ndani unapasuka. Debe libaki nje, maana mkaa unaokufa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu.